Tata, Usimpelekee Tena Rubisi

Dar es Salaam

Shikamoo Tata. Mama hajambo? Huko Kagoma mvua imenyesha? Buni zimeiva? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe. Nisamehe, sijui namna nyingine ya kulisema.

Unajua napiga gitaa la umeme katika bendi hapa mjini. Nimetunga wimbo wa kupinga nyarubanja, ule umwinyi wa ardhi wa huko kwetu: jinsi babu alivyoipanda migomba kwa mikono yake, akazikwa humo humo kibanjani, na bado sisi tukaitwa wapangaji wa mtu. Tunaupiga kwa mtindo wa roki, magitaa yanalia mpaka masikio yanauma. Watu wanacheza na kudai urudiwe, lakini maneno hawayasikilizi. Kiongozi wa bendi akaniambia, "Hiyo nyarubanja itoe, weka jina la msichana." Nikakataa. Tuligombana, nusura anifukuze.

Ndipo ikaja barua ya dada Koku. Anasema nyarubanja imefutwa, kamati inakuja kuandika kila kibanja ni cha nani, nawe ulipokamua ndizi, kibuyu cha kwanza cha rubisi ukampelekea yule yule bwana wetu wa zamani! Koku alipokuzuia ukamjibu, "Ni adabu tu, nisionekane mchoyo." Sasa yule mzee anatamba kilabuni: "Huyo ni mpangaji wangu, hata juzi kaniletea haki yangu."

Jamani, Tata! Adabu gani hiyo ya kujitia kitanzi? Mimi huku nagombana na mkubwa wangu kwa ajili ya neno moja, wewe huko unamjazia kibuyu! Nimekasirika, sikufichi. Pombe ikizidi, mpe jirani.

Nilidhani wimbo ukifika redioni utatusemea. Nilijidanganya. Kamati haitaliuliza gitaa langu, itakuuliza wewe, na yeye atakuwa pale pale anakukodolea macho. Najua tangu utoto wako umezoea kumpigia magoti.

Nisalimie Mama, na Koku aliyeniandikia bila kunificha kitu. Mjomba Byabato, mpiga nanga, gitaa letu la jadi, mwambie vidole vyangu vimeota sugu kuliko vyake.

Na siku hiyo, Tata, simama wima. Wakikuuliza kibanja ni cha nani, sema, "Ni changu." Usiposema wewe, mimi huku nitakuwa naimba uongo.

Ni mimi mwanao,
Kaijage