Kibao cha Mwisho wa Mji

Kasulu,
14 Machi 1999

Mdogo wangu Pasikali,

Mwakeye, mwana wa mama. Nakusalimu kwa makofi kama tulivyofunzwa nyumbani, ingawa viganja vyangu siku hizi havitoi sauti. U hali gani? Mkono wako wa kulia bado unakusumbua asubuhi za baridi? Wifi yangu Esteri hajambo? Na mwanao Longinus na wadogo zake?

Mimi nipo. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na barua hii naiandika kwa vipande tangu Jumatano: mistari mitano, kisha nalala. Daktari wetu, kijana mpole aliyetoka Moshi, alizunguka sana kabla ya kuniambia kwamba moyo umechoka. Nikamwambia nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, asinifundishe namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya. Akacheka, halafu akatazama sakafu. Basi nimejua.

Longinus ameniandikia kwamba Kibondo nayo inapata gari la wagonjwa na gari la zimamoto kwa mkataba, na kwamba wewe ndiwe mwenyekiti wa kamati itakayochagua madereva Alhamisi ya tarehe 25. Venanti ameomba kazi hiyo. Nasikia ulisema mbele ya watu kwamba mtu yule atashika funguo siku utakayokuwa kaburini. Kabla hujalirudia neno hilo, nisikilize.

Unakumbuka kampuni iliyopewa mkataba wa magari kama hayo hapa Kasulu, kabla hujahamia Kibondo. Nilikuwa nimeshastaafu, wakaniomba nikae kwenye simu na redio koli, nipokee habari za wagonjwa na moto na kuwaelekeza madereva. Mkataba ulitaka madereva wawili. Baada ya miezi mitatu Leonidasi akahamishiwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Kibondo, akabaki Venanti peke yake kwa magari yote mawili. Nilimuuliza msimamizi, yule bwana wa kuvaa saa mbili, moja kila mkono, itakuwaje mtu akiugua na nyumba ikiungua kwa wakati mmoja. Akanijibu kwamba mji huu ni mdogo, mambo hayo hayagongani. Nikamwambia na saa zake mbili hajui mambo hugongana saa ngapi. Hakupenda.

Mkataba ulisema tena kwamba magari yahudumie ndani ya mipaka ya mji tu. Mpaka wenyewe ulikuwa kile kibao cheupe cha barabarani. Watu wa vijijini walijua haraka. Walimbeba mgonjwa wao kwa machela, kila mwanamume waliyekutana naye njiani akipokea zamu begani, mpaka kwenye kibao. Wakimvusha hatua mbili, mmoja alikuja kwangu kwa baiskeli kusema kuna mtu ameanguka pale ghafla. Nilikuwa nawauliza kwa nini kibao hicho kinaangusha watu hivyo, na wao wananijibu kwa uso mkavu, "Mama, hata sisi kinatushangaza." Nami naandika katika daftari: kibaoni. Venanti anakwenda. Tuliishi hivyo mwaka mzima, na sikuona haya hata siku moja.

Sasa ile Jumanne ya Agosti 1997. Wewe unaijua kwa upande wako. Saa nane mchana, pasi ya mkaa, vitambaa, upepo wa kiangazi. Mstari wote wa mafundi cherehani, duka lako likiwemo, ukashika moto. Gari la zimamoto limejaa maji, limesimama uani, halina dereva. Ulirudi ndani kuokoa cherehani yako na ukatoka na mkono ule ambao haukushika tena sindano. Kampuni ikatangaza kwamba Venanti alichukua gari la wagonjwa kwenda kujibebea mizigo yake, ikamfukuza. Mji ukamwita Venanti Magunia. Watoto walimwimbia jina hilo hadi akahamia Kakonko.

Hakubeba gunia hata moja.

Saa saba mchana ule alikuja kwangu mtu anaitwa Nduwayezu, mkimbizi aliyekuwa akilima Titye, kijiji kilicho mbali nje ya kibao. Alikuwa mgeni wa desturi zetu, hakujua uongo wa kibaoni. Alisema kweli tupu: mke wake Dorcas yuko Titye, uchungu tangu jana, mkono wa mtoto umetangulia kutoka. Watu wa machela walikuwa tayari, lakini mwanamke wa namna hiyo humbebi kwa machela mwendo wote ule. Nimeshazika wawili waliobebwa hivyo. Nilimwambia Venanti apite kibao, aende mpaka mlangoni. Aliniuliza kuhusu mkataba. Nikamwambia mkataba haujawahi kuzaa.

Hilo la kwanza. La pili sijamwambia mtu, hata padri.

Simu ya moto iliponifikia, Venanti alikuwa amefika nusu ya njia. Aliyepiga alisema ni mafundi cherehani, na akalitaja duka lako kwa jina, Pasikali. Nikamwita Venanti kwenye redio, nikamweleza moto uko wapi na kwa nani. Akaniuliza kama ageuze. Akasema, na sauti yake naisikia mpaka leo, "Mama, ni kwa kaka Pasikali. Nigeuze?"

Nikamwambia aendelee.

Akauliza mara ya pili. Nikamwambia vilevile. Niliandika amri hiyo na saa yake katika daftari, kisha nikatoka nje, nikauona moshi wako kwa macho yangu.

Kwa amri hiyo sikuombi msamaha. Nimekuwa nikiipima miaka miwili kasoro, mchana na usiku, na kila mara naitoa ileile. Cherehani ni cherehani. Sikujua kwamba utarudi ndani. Ningejua ningelia, lakini ningemwambia aendelee. Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie ningali hai, nakungoja.

Msamaha nauomba kwa jambo jingine. Kampuni ilipolitaka daftari, niliuchana ukurasa wa siku ile. Venanti aliona nimeuchana, akanyamaza, kwa sababu ananiita mama. Nilijiambia ninamkinga Dorcas, maana msimu ule wasio na karatasi walikuwa wakikusanywa kupelekwa kambini. Uongo. Dorcas mwenyewe, akiwa bado na mshono wa upasuaji tumboni, alitaka kwenda kusema, nikamzuia. Niliogopa uso wako tu. Niliogopa kwamba utaacha kuniita dada. Kwa woga huo mtu mwema alibeba jina la magunia, nami nikawa naletewa matunda na majirani kama bibi mtakatifu.

Ukurasa huo nimeuambatanisha. Usome mbele ya kamati, wote wausikie, na jina langu ulitaje lote. Kisha umpe Venanti funguo. Wakikwambia dereva mmoja anatosha kwa magari mawili, waonyeshe mkono wako. Na mkataba wenu ukiwa na kibao, king'oe.

Nimemaliza, na pumzi nayo karibu inamaliza. Nisalimie wifi, nisalimie Longinus na wote wa nyumbani, na majirani wanaonikumbuka. Anayekukabidhi barua hii ndiye Dorcas. Sasa ana karatasi zake, anasafiri bila kujificha. Mtoto aliye mgongoni ni Pelagia. Mkono uliotangulia ni wa kushoto, hauna kasoro. Wape maji ya kunywa kabla hujaamua lolote.

Mungu akulinde, mwana wa mama, hata ukinikasirikia.

Ni mimi dada yako, ukipenda bado,

Valeria

Watakaosema ukurasa huu umetungwa, waambie mwandiko unaujua. Ndio niliokufundishia kuandika.