Usikate Ile Chuma

Goma, tarehe 8 mwezi wa munane 2021

Papa yangu,

Jambo sana. Uko muzima? Goti iko namna gani? Na ule ng'ombe dume wa patron, angali anakufukuza? Sisi huku tuko bien, watoto wanakuulizia kila siku.

Papa, nikona habari ya Mama. Unakumbuka ule mutu ya radio alipitiaka Mweso, mwaka mbele Mama afariki, akaenregistrer sauti za wamama wakipalia ku shamba ya Mama Drocella? Ile wimbo ya Mama iko! Yves, mwenye tunatumika naye kazi ku studio, njo aliipata. Anatengeneza disque ya nyimbo za Masisi na Walikale, na Mama iko ndani. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Lakini disque inaendaka na kakitabu kadogo. Kila wimbo iko na maneno yake mule: nani anaimba, anasema nini, wimbo ilitoka wapi. Wimbo yenye haina maneno, Yves ataitosha, haitaingia mu disque. Na Mama anaimba mu Kinyanga, luga ya kwao Walikale. Mimi mulinituma huku kwa Shangazi ku masomo nikiwa mudogo, Kinyanga sijui ata kidogo. Weye njo unaisikia. Nisaidie Papa. Uandike. Ku telefone unasemaka tu "eee", kisha unakata.

Barua umupe Mumbere, ule chauffeur wa camion ya maharagi.

Binti yako,
Uwingabire


Mweso, 17/8

Uwingabire mutoto yangu,

Salamu. Niko muzima. Goti inauma kama mvua iko karibu, na hapa mvua iko karibu kila siku. Dume iliuzwa. Patron alileta ingine, mubaya kupita ile. Watoto walale salama.

Barua nilipata. Andika hivi:

Adrienne. Alizaliwa Walikale. Alilima. Alikufa Mweso. Wimbo ni ya kupalia maharagi.

Imetosha.

Papa yako

Mumbere anasema barua yangu ni fupi kuliko facture yake ya maharagi. Nimemwambia asome facture yake.


Goma, 29/8

Papa wangu mupenzi,

Salamu mingi toka kwetu wote. Pole na goti. Ile mafuta nilituma, unapakaa ao uliipatia ng'ombe?

Nilisoma maneno yako, nikacheka, kisha nikakasirika. Ile ni maneno ya ku musalaba ya kaburi, hapana ya wimbo. Yves aliuliza kama ni carte d'identité.

Papa, mimi nikisikiliza Mama, sauti inapanda, inashuka, ni kama sala. Yves anafikiri analilia watu wenye walikufa mu vita. Tuandike vile? Sitaki kuandika uongo juu ya Mama yangu. Anasema nini?

Nimekutumia wimbo mu carte mémoire. Uiingize mu radio yako, usikilize, kisha uniandikie. Yves anafunga kakitabu tarehe ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kisha pale, kama hakuna maneno, Mama anatoka.

Binti yako,
Uwingabire


Goma, 24/9

Papa,

Jambo tena. Nakuomba unijibu kama uko muzima, ata na neno moja. Weye unajuaka neno moja.

Mumbere anaapa kama carte alikupa mu mukono. Anasema uliifunga mu kitambaa, ukatia mu mufuko, ukaanza kumuelezea habari ya mvua. Umekasirika? Nilikuumiza? Kama hutaki Mama yetu asikilizwe na watu, sema tu, nitaitosha ile wimbo mimi mwenyewe na sitakuuliza tena.

Kitu ingine. Ku mwisho ya wimbo kuna bruit. Mama ananyamaza, kunakuwa kimya, kisha kitu ya chuma inalia, teng'! Kisha wamama wanacheka. Yves anataka kukata pale Mama ananyamaza. Anasema wimbo iishe na sauti yake, itakuwa propre, safi. Nimemuomba angojee barua yako, lakini hatangojea sana.

Nakuogopea Papa.

Binti yako,
Uwingabire


Mweso, 27/9

Uwingabire,

Salamu nitaleta mwisho. Mwambie Yves asikate ile chuma. Ile chuma ni mimi.

Sikukasirika. Carte sikuiweka mu radio, juu niliogopa. Tangu tulimuzika Mama yako sikusikia sauti yake. Nilijiuliza, nikiisikia, halafu iishe, nitafanya nini? Leo barua yako imefika. Nikaenda nyuma ya kiraro, kule ng'ombe wanalala, nikasikiliza. Iliisha. Nikairudilia.

Mama yako halie. Hasali. Ananicheka.

Iko vile. Wamama wakipalia kwa zamu, leo shamba ya huyu, kesho ya ule, bwana ya mumoja akipita pale, bibi yake anamuimbia. Anamucheka mbele ya wote. Bwana anapashwa kujibu na wimbo, palepale. Akishindwa, bibi anaangusha jembe, anaenda nyumbani mikono mitupu. Sasa bwana achague: jembe ilale inje, ao aibebe yeye. Na huku kwetu mwanaume habebaka jembe ya bibi yake mbele ya watu. Ni haya.

Mimi kubeba najua. Nilibebaka mawe ya madini ya Bisie kwa bega, mu pori ya Walikale, na kule njo nilimukuta Mama yako. Kinyanga yeye njo alinifundisha. Kuimba alishindwa kunifundisha. Mungu alininyima sauti. Mama yako alijua ile muzuri, njo maana kila nikipita, anaimba.

Ile siku anasema:

"Bwana yangu iko na mikono mbili, moja ya kula, moja ya kulala.
Patron alimupa kazi ya kuchunga ng'ombe, ng'ombe njo wanamuchunga yeye.
Nilitoka Walikale, nilivuka mito, nikaja kuolewa na kinywa yenye kufungwa.
Wamama, mutulie. Leo atajibu."

Kisha ananyamaza. Ile kimya munasikia, ni mimi nimesimama. Ule mutu ya radio naye amesimama na machine yake, ananiangalia. Nilikuwa natoka kukamua, nimebeba bidon ya chuma ya maziwa kwa bega. Mama yako anaangusha jembe. Udongo ni laini, haisikilike. Anaenda. Mimi nainama, naiokota, nailalisha kwa bega. Chuma ya jembe inapiga bidon. Teng'. Njo wamama wanacheka.

Ile njo jibu yangu. Kila mara ilikuwa ile. Yeye akifika ku mulango, anageuka kuangalia kama nakuja nayo. Nilikuwa nakuja nayo.

Yves akikata pale, Mama yako atabaki ananingojea.

Mu kakitabu andika hivi:

Huyu ni Adrienne wa Walikale, ku shamba ya Drocella, Mweso. Anacheka bwana yake. Bwana anajibu ku mwisho.

Sasa salamu. Niko muzima. Mafuta napakaa. Watoto walale salama.

Papa yako


Goma, 2/11

Papa yangu wa mapenzi,

Salamu zangu, na za Yves, na za watu wote wa studio wenye unawajua na wenye huwajui. Sisi wote wazima.

Disque imetoka! Yves hakukata kitu. Barua yako nilimusomea, akavua écouteurs ku masikio, akatoka inje, akakawia kule. Kurudi, alisema tu: "Ile chuma tuipandishe sauti kidogo."

Papa, mimi nilikuwa nafikiri munaishi tu vile, juu sikuwaonaka munaongea sana. Kila vacances ya masomo, nikikuja, Mama anasema, weye unasema "eee". Nilikuwa nawahurumia! Na wakati ule munaongea mbele ya macho yangu.

Maneno yako tuliweka vile uliandika, sikuongeza kitu. Chini yake kuna majina ya wanamuziki, maana kila wimbo iko nayo. Yetu inasema:

Sauti: Adrienne.
Kuitikia: wamama wa Mweso.
Jembe na bidon: Théoneste.

Yves anauliza kama kuna instruments zingine unapiga.

Disque Mumbere iko nayo, na carte ingine, juu radio yako haimezi disque.

Binti ya wanamuziki wawili,
Uwingabire


Mweso, 10/11

Uwingabire mutoto yangu,

Salamu. Niko muzima, ukitosha bega. Watoto iko namna gani? Mwambie Yves napiga pia nyundo, ku uzio ya ng'ombe ya patron.

Disque ilifika. Nimeipachika ku ukuta karibu na kitanda. Inangaa.

Jana nilipeleka radio ku shamba. Ilikuwa zamu ya Drocella, walikuwa wanapalia. Drocella akaniona. "Théoneste, wanasema umekuwa musicien. Utatusalimia kweli, ao tupite kwa secrétaire?" Nikaweka wimbo.

Walisimama wote. Mama yako akaimba. Kidogo tu, wakaanza kumuitikia, sauti zao za leo juu ya zile za zamani. Mumoja alijipangusa macho na kitenge. Mimi niliangalia maharagi.

Kimya ikafika. Kisha mimi. Teng'.

Kisha Drocella akaniangalia, akaangusha jembe yake. Jirani yake akaangusha. Wote wakaangusha. Wakaenda nyumbani mikono mitupu, wanacheka mpaka ku barabara, na hakuna mwenye aligeuka.

Nilibeba yote. Nyumba kwa nyumba, mbele ya watu. Mumbere alipita na camion, akapiga klaksoni mpaka kwa kilima.

Barua ni fupi juu mukono haipande muzuri.

Papa yako,
wa jembe na bidon