Bakuli la Mama Mkwe

Isamu, leo mjinga nilikuwa mimi, wala usinitetee.

Bakuli la chai la mama mkwe, lile la kurithi, nimeliona lina madoa. Nikaliloweka kwenye dawa ya madoa. NIMELILOWEKA! Mimi, mzaliwa wa Hagi, mji unaofinyanga mabakuli hayo! Likatoka jeupe kama jino la mtoto.

Mama Fusae akalishika, akaligeuzageuza. “Udongo huu hunywa chai. Rangi ile ilikuwa chai ya marehemu mume wangu, maisha yake yote. Umemfuta!”

“Mama, mbona halina hata ufa?”

“Funga mdomo, mpumbavu wewe!”

Mke wangu Chizuru akainamisha macho kwenye mkeka.

Nikaropoka: “Basi nitanywea humo kila siku mpaka rangi irudi!”

Mama mkwe akanisukumia bakuli kifuani. “Nenda kanywe. Rangi ikirudi, ndipo uje kumchukua Chizuru.”