Kanuni ya Asiyekuwepo

Dar es Salaam, 6 Juni 1990

Mjomba Cassien, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na karakana pia ni nzima. Mimi sijambo, ila joto la huku linanifanya nitamani kulala ndani ya ndoo.

Hunijui. Mimi ni Gwiza, mtoto wa dada yako Mukamana. Nduwayo, dereva wa lori linalokwenda Kigali kupitia Rusumo, ndiye aliyeniambia ulipo, na ndiye anayekuletea bahasha hii. Mama hajui kwamba naandika.

Nasoma uchoraji wa nyumba na samani. Mwalimu ametuagiza kila mmoja amtafute fundi mzoefu amuulize anaongozwa na kanuni gani. Wenzangu wote wamekimbilia Keko kwa maseremala wa huko. Mimi nikakumbuka kwamba nina fundi wa damu yangu kabisa, tena bure.

Nikuambie ukweli: ukitajwa nyumbani, mama husema, "Mimi nilizaliwa peke yangu," halafu anaanza kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Sijui mlikosana nini. Kama hutaki kujibu, nitaelewa. Kama unataka, kanuni zisipungue tatu, maana ndizo zenye maksi.

Mpwa wako,
Gwiza

*

Kagarama, Kigali, 2 Julai 1990

Marahaba, mpwa wangu, marahaba mara saba.

Mimi ni mzima, isipokuwa kiuno, ambacho tangu nifikishe miaka arobaini na sita kinafanya kazi kwa kupenda kwake. Barua yako imenikuta nimekaa kwenye kiti nilichotengeneza mwenyewe, na kinayumba. Hilo usimwandikie mwalimu.

Kiswahili changu unisamehe. Nilikiokota Bujumbura kwa bwana mmoja Mkongo aliyenifundisha useremala. Alijua kutukana kuliko kufundisha, kwa hiyo sehemu ninayoijua vizuri haifai kumwandikia binti.

Kanuni zangu ziko ukutani, nimeziandika kwa mkaa.

Ya kwanza: aliye mfupi apimwe kwanza. Mrefu akikalia kiti kifupi atakunja magoti na kunung'unika, basi. Lakini mfupi akikalia kiti kirefu miguu inaning'inia, na mtu ambaye miguu yake haigusi chini hawezi kubishana na yeyote. Ndiyo maana kila kiti hujaribiwa kwanza na jirani yangu Winifred, mshonaji, ambaye akisimama nyuma ya cherehani yake unaona kitambaa tu cha kichwani. Yeye anasema ananisaidia. Mimi nasema anapata pa kukaa bure.

Ya pili: meza isiwe na kichwa. Bwana mmoja wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, aliagiza kiti chake kiwe juu kuliko vya wageni wake. Nikamtengenezea sawa na vingine, nikaongeza mto mnene. Alifurahi sana. Mto ule ni wa sponji. Sasa hivi umeshabonyea, na yeye ameshuka polepole akaungana na wenzake bila kujua.

Ya tatu: apimiwe asiyekuwepo. Mteja akiagiza viti sita, natengeneza saba. Wanadhani sijui kuhesabu, na mimi nawaacha wadhani.

Yale maneno, "nilizaliwa peke yangu", si ya mama yako. Ni yangu. Siku nyingine nitakueleza.

Kwa sasa nifanyie kazi moja. Chukua uzi, mpime mama yako kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti akiwa amekaa, upige fundo, unitumie. Usiandike namba. Namba mkononi mwa mwanafunzi siziamini.

Mjomba wako,
Cassien

*

Ngara, 9 Septemba 1990

Mjomba, shikamoo.

Kiuno kinaendeleaje? Niko nyumbani kwa mama, huku Ngara tuko salama, mvua imewahi.

Kwanza, nimepata maksi za juu. Mwalimu alisoma habari ya mto wa sponji mbele ya darasa, na watu walicheka mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta.

Pili, nimeshindwa kazi yako. Mama alikuwa amekaa anachambua maharage, nikaingia chini ya meza na uzi wangu. Akasema bila kuinamisha kichwa, "We Gwiza, unatafuta nini miguuni pangu, panya?" Nikasema nimedondosha sindano. Akasema, "Wewe na sindano mmejuana lini?"

Nitajaribu tena Krismasi. Mjomba, unataka kumtengenezea kiti, sivyo?

Mpwa wako,
Gwiza

*

Kigali, 20 Novemba 1990

Kwa mteja,

Oda yako ya kiti haitashughulikiwa. Karakana hii haina mteja wala ndugu nje ya nchi. Tafadhali usiandike tena.

Fundi

*

Dar es Salaam, 14 Januari 1991

Fundi,

Shikamoo hata hivyo, adabu nilifundishwa.

Najua vita vimeanza huko tangu Oktoba. Najua watu wanafungwa. Ungeniambia "ngoja", ningengoja. Lakini umeandika huna ndugu.

Nilirudi nyumbani Krismasi na karatasi yako mkobani, mama akaiona. Nilidhani atalia. Alicheka. "Hata mwandiko haujabadilika," akasema, kisha akanisimulia. Mwaka 1973, walimu Watutsi walipofukuzwa shuleni, alikimbilia karakana yako na mfuko mmoja, ukamficha nyuma ya mbao. Wakaja wanaume watatu na orodha, wakakuuliza, "Mwalimu Mukamana ni nani wako?" Na wewe ukasema ulizaliwa peke yako. Yeye yuko hapo, hatua mbili, anasikia.

Uzi ninao bado. Hauna fundo.

Gwiza

*

Kagarama, 11 Oktoba 1992

Mpwa wangu Gwiza,

Nakusalimu baada ya mwaka na miezi tisa, kama mtu aliyetoka kuchota maji akasahau njia. Hujambo? Masomo? Mimi nipo, kiuno kipo, tumezoeana.

Barua yako niliificha ndani ya mguu wa meza. Nilitoboa mguu, nikaisokomeza humo, nikaziba kwa gundi. Halafu mteja akainunua meza! Nikamfuata hadi kwake nikamwambia mguu una wadudu, nikambadilishia. Unaona una mjomba wa namna gani.

Mwezi ule wa Novemba walikuwa wanapita kila mlango wakiuliza nani ana ndugu ng'ambo. Jirani wa pili alichukuliwa kwa sababu ya kadi ya Krismasi. Nikaogopa, nikakuandikia ile karatasi, nikaacha waisome kabla ya kuifunga. Hiyo ndiyo sababu. Si udhuru.

Na hili la 1973 mama yako amekueleza sawasawa, ila hakukueleza habari ya kitambulisho. Mimi na yeye ni wa baba mmoja na mama mmoja, Watutsi wote wawili. Lakini karani wa komini, yule wa kuandika vitambulisho, nilimtengenezea kitanda kizuri, naye akaniandikia neno "Hutu". Kitanda kimoja, na mimi nikawa mtu mwingine. Ndiyo maana wale watatu waliniamini.

Unaweza kusema nilimwokoa dada yangu. Nimejaribu kusema hivyo miaka kumi na tisa. Lakini Gwiza, neno moja lingetosha: sijamwona. Wangeondoka vilevile. Mimi nikachagua maneno mengine, kwa kuwa hayo yaliniokoa mimi pia. Walipoondoka alitoka nyuma ya mbao, akakung'uta vumbi la msumeno kwenye sketi, polepole, upande huu na upande huu, akaenda zake. Hakuniaga.

Kanuni ya tatu niliiandika ukutani jioni ile. Zile mbili za kwanza nilizitunga baadaye, ili isionekane peke yake.

Sikuombi uzi. Nakujulisha tu kwamba mbao zipo, mvule mkavu, nimezitunza.

Mjomba wako, ukikubali,
Cassien

*

Ngara, 28 Desemba 1993

Mjomba, shikamoo.

Nakubali. Nimechelewa kukuandikia, maana nilikuwa nangoja jambo moja, na mambo ya mama yangu hayaharakishwi.

Nilimsomea barua yako yote mwaka jana. Aliosha vyombo. Mwaka mzima sikuugusa ule mkoba wenye uzi. Juzi, siku ya pili ya Krismasi, tumekaa uani, redio inasema juu ya mkataba wa amani, kwamba wakimbizi watarudi na lile neno la Hutu au Tutsi litaondolewa kwenye vitambulisho. Mama akazima redio.

"Ule uzi wako wa panya uko wapi?"

Nikamletea. Akakaa wima, akaukanyaga mwisho wake kwa kisigino, akauvuta hadi nyuma ya goti, akapiga fundo mwenyewe. Akalikaza kwa meno.

"Mwambie nimefupika," akasema. "Asipime kwa kumbukumbu."

Nikamuuliza, basi umemsamehe? Akasema, "Nimempa kipimo. Hayo mengine nitayajua nikishakaa."

Uzi huo humu ndani. Nikimaliza mitihani, mwezi wa tano, tutakuja wote wawili.

Mpwa wako,
Gwiza

*

Kagarama, Jumapili ya Matawi, 27 Machi 1994

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwako, na salamu kwa mwenye goti.

Nduwayo alinipa bahasha barabarani, injini inanguruma. Nikaifungua palepale, uzi ukadondoka, upepo ukaupeleka. Ungeniona! Mtu mzima na kiuno chake, anakimbiza uzi katikati ya lami, malori yanapiga honi, Winifred ananipigia makofi kutoka dukani kwake. Nimeukamata kwenye mtaro. Ni sentimita thelathini na nane. Mimi kwa kumbukumbu nilikuwa nimekata arobaini na moja. Sentimita tatu, Gwiza! Miguu yake ingening'inia, na angekuwa amesafiri njia yote hiyo asiweze kubishana nami.

Nimekata upya. Kiti kimekamilika, nimekipiga msasa mpaka Winifred akalalamika kwamba anateleza. Naye nimemwambia ajaribu mara moja tu, kina mwenyewe.

Chini ya kikalio nimeandika kitu kwa penseli. Usimwambie. Nataka akigeuze mwenyewe, maana yeye tangu utotoni hugeuza kila kitu kutafuta kasoro.

Huku hali si nzuri sana, watu wanaongea kwa kunong'ona, lakini mwezi wa tano si mbali. Leteni maharage yale ya Ngara. Mimi nitapika, na mtakula kwa heshima tu.

Mjomba wako,
Cassien

*

Kagarama, 21 Agosti 1994

Mjomba, shikamoo.

Sijui nikuulize hali yako namna gani, basi nakuambia yetu. Tumefika jana, mimi na mama, ndani ya lori la Nduwayo. Mabonde yako kimya. Karakana haina paa wala milango, na vile viti vyote vimekwenda. Ukuta upo. Mkaa haukufutika.

Winifred yu hai. Amekonda, amekuwa mfupi zaidi, na alipomwona mama alimshika mikono yote miwili. Ametueleza. Wiki ile ya pili ya Aprili ulimtoa nyumbani kwake ukampitisha kwenye kizuizi cha barabarani. Wenye mapanga walisoma kitambulisho chako, wakakuona wewe ni Mhutu mwenzao, wakauliza, "Na huyu mwanamke asiye na karatasi?" Ukasema, "Dada yangu." Mkapita. Ukamficha kwa watawa. Kesho yake ukamletea mwanamke mwingine, na kwenye kizuizi ulisema hivyohivyo. Keshokutwa mwingine.

Yule wa nne alifika kwa watawa peke yake, mbio, akawasimulia. Safari hiyo walikucheka kwanza. "We mzee, una dada wangapi?" Nawe ukajibu kwamba bado hujamaliza kuhesabu. Ukawashika kwa maneno, unavyojua, na yeye akapata nafasi ya kukimbia. Hakugeuka nyuma. Wewe hukuonekana tena. Tumeuliza kwa watawa, hospitali, na kila mlango ambao una mtu wa kujibu.

Kiti hiki kipo kwa sababu ulikihamishia kwa Winifred kabla, ukakifunika kwa vitambaa. Asubuhi hii amekileta kichwani mwake.

Mama alikigeuza kabla ya kukaa, kama ulivyosema. Akapapasa viungo vyote, akatafuta kasoro. Kisha akasoma penseli yako: "Tulizaliwa wawili." Akasoma tena, kwa sauti, kama mwalimu anayesahihisha daftari, na hakukuta kosa.

Halafu akakaa. Miguu yake yote miwili imefika chini, kisigino na vidole. Amekaa hapo tangu asubuhi, anatazama barabara. Nikimwambia aje ale anasema, "Ngoja, nina mtu wa kubishana naye."

Naiandika barua hii kwenye goti langu, maana meza hakuna. Nitaibandika chini ya kikalio, karibu na mwandiko wako. Ukirudi utajua pa kutazama. Kesho naanza kusafisha. Nduwayo ameahidi mbao. Kiti cha kwanza nitatengeneza cha kwako, na kwa kuwa hukuniachia uzi, mama anasema yeye anakumbuka goti lako lilipofika. Kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yako.

Amechukua kalamu, anataka kutia sahihi mwenyewe.

Mpwa wako,
Gwiza

Dada yako,
Mukamana