Ukurasa Mmoja, Mwanne Wawili

Jumatatu, 14 Julai 2025
Ukungu na baridi ya kipupwe. Kutoka dirishani sikuiona hata nguzo ya umeme. Nimetembea hadi ofisini kama mtu anayetembea ndani ya maziwa.

Evance, mkuu wetu wa ofisi, ametangaza: databesi basi! Tunahamia programu mpya yenye kila kitu ndani — nyaraka, orodha, kalenda, hata maongezi yetu. Wa kuhamisha ni mimi. Watu 412 wanaosubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, Kibaha mpaka Kisarawe. Miaka sita nimewaandika mmoja mmoja kwenye visanduku: jina, umri, kijiji, simu, jicho lipi. Visanduku vyangu navipenda. Vimenyooka.

Evance anasema huku kila mgonjwa atakuwa na ukurasa wake. Akanifungulia mmoja wa majaribio. Mweupe! Mpana, kimya, kama ua uliofagiliwa alfajiri kabla mtu hajaukanyaga. Niliutazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 15 Julai
Ukungu tena. Umeondoka saa tatu.

Nimepakia orodha yote. Programu ikauliza: majina yanayofanana kabisa, kijiji kimoja, simu moja — yaunganishwe? Nikabonyeza ndiyo. Miaka yote kuna watu wanaojiandikisha mara mbili, kambi hii ya macho na kambi ile. 412 wakawa 371. Nilijisikia kama nimepiga deki nyumba nzima.

Selina, muuguzi wetu wa macho, akapita: eti nimeolewa na hiyo kompyuta, mahari alipokea nani? Nikamwambia mahari ni bando.

Jumatano, 16 Julai
Si jua, si mvua. Siku ya rangi ya majivu.

Leo nimeota mchana, macho wazi. Databesi ilinipa herufi mia tu za maoni. Huku hakuna mwisho. Nimechukua daftari langu — yale ninayoyasikia kambini na kuyaandika kwa kalamu kwa sababu hayana kisanduku — nikaanza kuyapeleka. Mzee Mudathir wa Kibuta anataka aone kama jogoo anayemwamsha ni wake kweli, maana jirani anadai ni wake. Bibi mmoja wa Maneromango anaona watu kama nguo kwenye kamba, zinapepea tu. Kila nikifungua ukurasa ni kama nimebisha hodi na mtu akaitika ndani.

Orodha ya upasuaji wa Jumamosi imetoka kwenye programu mpya. Selina ameshawapigia wote.

Alhamisi, 17 Julai
Sikuangalia hali ya hewa.

Kwenye daftari nilifika kwa Mwanne Mwishehe, Kurui. Nilikuwa nimeandika: anapenda kusoma, anashika kitabu upande mmoja kama anakinusa, yuko darasa la tatu. Nikafungua ukurasa wake. Umri: 68. Jicho: kulia, kushoto.

Faili nililopakia bado ninalo, nikalitazama. Mistari miwili. Mwanne Mwishehe, 68, kulia. Mwanne Mwishehe, 9, kushoto — alichomwa na kijiti shambani. Bibi na mjukuu! Bibi ni binti wa Mwishehe. Alipozaa mwana akampa jina la baba yake, Mwishehe. Mwana alipozaa binti akampa jina la mama yake, Mwanne. Simu ya nyumba moja. Na mimi, Hamisa niliyepewa jina la bibi yangu wa Kibuta, nikabonyeza ndiyo.

Nafasi ya Jumamosi ilikuwa ya mtoto. Daktari anayepasua watoto, wakiwa wamelazwa usingizi, huja Kibaha mara moja kwa miezi minne. Programu imebakiza umri mkubwa. Bibi akaingia orodha ya watu wazima, nafasi ya mtoto ikajazwa na mwingine. Selina hakutania safari hii. Anasema jicho la mtoto halisubiri kama la mzee. Likikaa gizani, ubongo unalisahau.

Nimewapitia wote 41 niliowaunganisha. Arobaini ni sawa. Mmoja tu. Mmoja!

Simu ya Kurui haipatikani.

Ijumaa, 18 Julai — Kurui
Ukungu mpaka Kisarawe mjini, kisha jua. Bodaboda, vumbi, mihogo kulia na kushoto.

Bibi Mwanne alinijua kwa sauti. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu, wa ofisi ya macho! Jicho lake la kulia jeupe kama ule ukurasa.

Nikamweleza yote: aliyestahili kuitwa si yeye, na ni mimi niliyewaunganisha. Akacheka mpaka khanga ikamwanguka begani.

"Kutuunganisha? Umechelewa, mwanangu. Baba yake alishatuunganisha siku ya saba alipompa jina!" Kisha akaita, "Somo! Njoo, wamekuja kututenganisha."

Mtoto akaja, akaniamkia, akanitazama kwa kugeuza kichwa chote, kama kuku. Akauliza: sasa kesho anakwenda Mwanne gani?

Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampata Selina. Akasema niwalete wote wawili. Mtoto asile kitu kuanzia saa sita usiku. Katika wale watoto wanane wa daktari akitokea mwenye homa, au aliyelishwa uji, Mwanne ataingia. Asipotokea, ni Novemba. Nisimwahidi mtu.

Nikamfikishia bibi maneno hayohayo, bila kuongeza. Akauliza: yeye nafasi yake ipo? Ipo, bibi, hiyo ni ya hakika. Basi ampe mjukuu. Haiwezekani, ni daktari mwingine, chumba kingine. Akaokota ungo wake.

"Siwezi kurudi hapa naona, halafu nimwone yeye hivyo."

Akaingia jikoni. Sikumfuata.

Nimemfungulia mtoto ukurasa wake kwenye simu. Mtandao hakuna, haujaenda popote. Jina tu juu, chini kote kweupe.

Tumekula ubwabwa mapema. Mtoto kaongezewa mara mbili. Gari letu linapita saa kumi na moja alfajiri. Wamelala mkeka mmoja, somo na somo, pumzi zinapokezana, mpaka sijui ipi ni ya nani. Bibi jioni alifua nguo za safari. Kwenye kamba, mlangoni, limeanikwa gauni moja tu. Dogo.

Nazima taa. Saa tatu kasoro dakika kumi usiku — nalala.