Matao ya Bwana Ramani

Jumatatu, 24 Julai 1905

Tao la tano la boma jipya ninalolijenga limesimama. Lihumba, kaka wa mke wangu, amelishika kwa mikono miwili kana kwamba litamwangukia, kisha akacheka. Nyumba kama hii watu wa bondeni hawajaiona.

Ramani imetoka Dar es Salaam, kwa yule Mjerumani tunayemwita Bwana Ramani. Kule kila jengo la serikali lina mkono wake. Korti, posta, hospitali, yote yana baraza pana yenye matao. Watu wanamsifu. Hawajui kwamba alipofika kutoka kwao alijenga ofisi yenye joto la tanuri, akawa anatoka jasho mpaka nilipomkalisha barazani kwa mjomba wangu. Akauliza mbona pana ubaridi. Nikamweleza yote. Mjinga mimi.

Alhamisi, 10 Agosti

Vita huko Umatumbi. Watu wanakunywa maji ya dawa, wanasema risasi ya Mdachi itageuka maji. Barua ya Bwana Ramani imeletwa mbio: matao yote yazibwe, yaachwe matundu ya bunduki. Na mchoro wake. Kazi yangu ya miezi mitano, kaipiga mstari mwekundu.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeziba matatu. Lihumba hakuja kazini. Zena, mke wangu, hanitazami. Wote wawili tunajua kaka yake amekwenda kunywa yale maji.

Mchoro unataka matundu yainamie nje, askari aweze kulenga mpaka chini ya ukuta. Nimeyanyoosha tu, bila mwinamo. Ukuta ni mnene, bunduki haitainama. Atakayefika ukutani hapigwi. Afisa amepita, ametazama, hakuona kitu. Wakigundua watanitundika.

Jumapili, 27 Agosti

Lihumba kaja shambani kwetu, upande wa Lipangalala. Kavaa mabua ya mtama shingoni, alama ya waliokunywa. Nilimwomba asije bomani. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye utoke humo. Tunakuja."

Basi nikamwambia siri ya matundu. Akimbie mbio, asisimame, mpaka chini ya ukuta. Akanishika bega. "Hujanywa, shemeji. Ndiyo maana unaogopa."

Nilikasirika mpaka nikalia.

Jumatano, 6 Septemba

Wamekuja asubuhi. Niliangalia kwenye tundu la tao la tano, pembeni mwa askari.

Wachache walikimbia. Hao walifika ukutani, wakabanana pale chini, na moshi wa bunduki ulipotanda wakaponyokea mtoni. Lihumba alitembea. Katikati ya uwanja, polepole, kama anakwenda kutazama mpunga wake. Wameambiwa anayekimbia anaharibu dawa. Niliita jina lake ndani ya tundu. Askari akanisukuma, akapiga.

Zilibaki hatua ishirini hivi afike ukutani.

Namchukia aliyewapa yale maji. Bwana Ramani namchukia zaidi, na mikono yangu siwezi kuitazama.

Ijumaa, 8 Septemba

Zena amerudi kwa mama yake. Hakubeba hata chungu.

Jumatano, 7 Februari 1906

Bwana Ramani aliandika tena mwezi uliopita. Vita huku vimekwisha, jengo litakuwa korti. Matao yafunguliwe, baraza iwe kama zile za Dar es Salaam. Sikutaka kibarua. Nimebomoa mwenyewe, tofali moja moja. La tano nililifanya mwisho.

Leo watu wameitwa kortini mara ya kwanza. Barazani kivuli tele, upepo wa mtoni unapita. Hakuna aliyeingia. Wameketi uwanjani, juani, palepale alipoangukia Lihumba. Mama mkwe wangu alikuwa kati yao. Nilimpelekea kigoda, nikamwamkia. Hakuitikia, wala hakukipokea.

Nilisimama nacho pembeni yake mpaka jina lake likaitwa.