Kasisi Aliyeandika Shairi Akiwa Kaburini

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimefika mahali nikimtazama mzee ninayempenda kama baba nasikia aibu. Profesa Aldous Penhale, mwenye miaka themanini na saba, ndiye aliyenifundisha kusoma mashairi ya zamani, na tangu afiwe na mkewe na macho yake yafifie mimi huenda kwake Norwich kila Jumamosi kumsomea. Miaka mingi amemtafuta mwenye mashairi fulani yaliyochapishwa London mwaka 1720 bila jina, akaridhika kwamba ni ya kasisi wa kijijini, Josias Wragby, kwa kuwa yanataja kanisa lake, kijito chake, hata mbwa wake, na sasa kitabu kiko tayari, jina la kasisi juu ya jalada, nami ameniomba niandike dibaji.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namsomea nakala ya mwisho tusahihishe, nikafika kwenye shairi la giza, ambalo siku zote tumesema ni giza la msiba, nikasoma kwamba kuku walipanda kulala asubuhi na nyota zikaonekana juu ya zizi, nikashtuka, maana hilo si giza la moyoni, ni kupatwa kwa jua kwa mwaka 1715, na kasisi alizikwa 1713! Aliyebaki katika nyumba yake kijijini ni dada yake, Damaris, na nilipoyapitia mengine nikakuta vina vilevile, utani uleule, mkono mmoja: yote ni ya Damaris.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" akauliza.

"Koo limekauka tu, Mwalimu."

"Basi kunywa chai. Hilo shairi marehemu mke wangu alilipenda sana."

Nikanywa chai, nikaendelea kusoma kama sikuona kitu. Kitabu kinachapwa mwezi huu. Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze afe na furaha yake?

Thirza, Cambridge

*

Thirza, pole. Nilipoisoma barua yako nilikuhurumia, kisha nikakukasirikia. Unamlinda nani? Mzee amekufundisha usimeze neno kabla ya kulitafuna, halafu siku uliyolishika somo lake barabara, unamficha! Hiyo si huruma, dada, ni kumzika akiwa hai. Kitabu kikitoka, mgeni atawaona hao kuku, atamcheka gazetini, na mzee atakugeukia wewe: "Mwanangu, hukuona?" Utajibu nini, koo limekauka?

Halafu yupo Damaris. Miaka mia tatu hakuwa na jina, na sasa anataka kuitwa kwa jina la kaka yake. Naye ni mtu, hata kama hana uwezo wa kuniandikia barua.

Kesho mpigie mchapishaji, mwambie asubiri, kuna sahihisho. Usieleze zaidi, habari hii ni ya mzee kwanza. Usingoje Jumamosi. Nenda, usibebe makaratasi wala hotuba. Msomee shairi lile taratibu, ufike kwa kuku, unyamaze. Mwache alione mwenyewe. Macho yamefifia, akili haijafifia.

Na umwambie hili, maana ni kweli: kazi yake haikupotea. Yeye ndiye aliyeifikia nyumba ile wakati wengine wote walipita njia. Alibisha hodi, akaitikiwa na dada, akadhani ni kaka. Dibaji aitunge yeye, wewe uandike anavyosema.

Akikasirika, usijitetee. Akilia, usimnyamazishe. Kaa naye mpaka ale, na kama treni ya mwisho itakuacha, ikuache.